Tundu la Chini Kuliko Yote

Majitaka hayana kinyongo. Bomba likiziba hayatafuti aliyekosa wala hayaulizi nani alimwaga nini. Hujaa taratibu kuanzia kwenye kizibo na kurudi nyuma, yakipanda kwa usawa mmoja katika kila bomba lililoungana na hilo, mpaka yafikie tundu lililo chini kuliko yote. Hapo ndipo yanapotokea. Mwenye tundu hilo huenda hajawahi kumwaga hata kijiko cha mafuta kwenye sinki. Huenda siku hiyo alikuwa safarini. Haidhuru. Kosa lake ni kuwa chini.

Nyumba yetu ya Kariakoo ina tundu la namna hiyo. Ni nyumba ya Kiswahili, kama zilivyokuwa zote mtaani: vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo. Aliijenga babu zama za Mwingereza, ikaja kuwa ya baba na ndugu zake, na leo ina warithi wengi kiasi kwamba hakuna anayeweza kuiuza wala kubadilisha hata bati moja pasipo kikao. Tumezungukwa na maghorofa. Jua linatufikia saa chache tu za mchana, na usiku tukiwa tumelala tunasikia maji ya watu tusiowajua yakiporomoka kwenye mabomba yaliyopigiliwa ukutani kwao, yakija upande wetu.

Nyumba husema kabla haijatapika. Unavuta maji chooni, na tundu la sakafuni bafuni linagugumia. Hiyo ni hewa: maji yanayoshuka yameisukuma mbele, imekuta njia imefungwa, imegeuka na kutoka kwa nguvu kupitia yale maji machache yanayokaa kwenye kona ya bomba ili kuzuia harufu. Baadaye maji ya choo hupanda kupita kawaida, yakasita, kisha yakashuka kwa uvivu. Mende wekundu huanza kuonekana mchana. Jioni, watu wakisharudi makazini na kila nyumba imefungua bomba wakati mmoja, harufu huingia koridoni. Shangazi, ambaye ndiye mkuu wa nyumba kwa umri na kwa sauti, hangoji ishara nyingine. "Chemba hiyo," husema, na kuanza kukunja mkeka wake.

Ukitaka kujua kizibo kiko wapi, angalia kinachokwama. Sinki la jikoni likisita peke yake, shida ni ya sinki: mafuta na punje za wali kwenye bomba lake dogo. Choo, bafu na sinki vikisumbua pamoja, kizibo kiko mbele ya pale mabomba yao yanapokutana. Sasa nenda uani ukafunue chemba. Ukiikuta kavu, kizibo kiko kati yake na nyumba, na gharama ni yako. Ukiikuta imejaa, kizibo kiko mbele yake, kuelekea barabarani, na hapo mazungumzo ndiyo yanaanza. Nimeona watu wazima wakinyanyua mfuniko huo midomo ikitembea kwa dua, wakiomba wakute kinyesi. Majitaka yakirudi saa ambayo hakuna mtu kwako aliyefungua bomba, ni ya wengine. Yakirudi mvua inaponyesha tu, kuna mahali maji ya mvua yanaingilia njia ya majitaka: ama mifereji ya paa la mtu imeelekezwa kwenye chemba, ama kijana fulani amenyanyua mfuniko wa barabarani ili dimbwi lililo mbele ya duka lake likauke. Na yakirudi umeme ukikatika, kumbuka kwamba sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni tambarare. Majitaka hayawezi kuteremka yenyewe kila mahali, na kwenye mabonde yanategemea pampu.

Fundi wetu ni mzee aliyeianza kazi hii angali kijana. Bado anakuja na baiskeli, fito za kuzibulia zimefungwa ubavuni mwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmemwaga dawa?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza siku zote, kabla hajauliza tatizo lilianza lini. Dawa anayoisema ni ile soda kali ya madukani inayochemka ikikutana na maji. Mafuta kidogo ya sinkini huweza kuyalainisha. Ikikutana na kizibo cha matambara kwenye bomba kubwa haifui dafu. Inabaki pale juu ndani ya maji, ikimngoja mtu atakayeingiza fito na kurushiwa usoni. Mzee ana kovu la namna hiyo shingoni. Mwenye nyumba mwenye haraka hujibu "hapana" ili kazi ianze, naye analijua hilo, ndiyo maana huvaa miwani hata baada ya kuhakikishiwa.

Chini ya ua wetu mabomba ni ya udongo wa kuchoma, ya inchi 4 kutoka chooni hadi kwenye chemba, na ya inchi 6 kutoka kwenye chemba kwenda barabarani. Udongo huo ulipata ngozi yake ya kung'aa kwa chumvi iliyotupwa ndani ya tanuri likiwa limekolea moto. Ngozi hiyo hailiwi na tindikali, haishiki kutu, haiozi. Mzee aliwahi kukifukua kipande kimoja, akakifuta kwa tambara, akaniita nikione kilivyo kizima baada ya miaka yote hiyo. Udhaifu uko kwenye maungio. Vipande vya bomba la udongo ni vifupi, kwa hiyo kila baada ya futi 2 au 3 kuna ungio, nalo lilizibwa kwa kamba ya katani iliyolowekwa lami na kufunikwa saruji. Saruji haijui kujipinda. Ardhi ikitulia kidogo, au lori la mizigo likipita juu yake kila siku, inachanika ufa mwembamba, na mwarobaini ulio ng'ambo ya ukuta unapata habari kwamba hapa kuna maji kiangazi na masika. Mzizi huingia ukiwa uzi. Ukishafika ndani hunenepa, husuka wavu, na wavu hukamata chochote.

Halafu kuna mteremko. Mafundi wa Kiingereza walikuwa na kanuni nyepesi ya kukariri: bomba la inchi 4 lishuke futi 1 kwa kila futi 40, la inchi 6 futi 1 kwa kila 60. Kwa mteremko huo maji huwa na kasi ya kutosha kubeba kilichomo. Kipande kimoja kikididimia katikati, bomba likafanya tumbo, maji hupunguza mwendo pale na kutua mzigo wake. Tumbo hilo halionekani kwa juu. Litazibuliwa leo, litazibuliwa mwezi ujao, na kila mara fundi atalipwa na kushukuriwa. Bila kufukua hakuna aliyelitibu. Kamera ya kuingizwa bombani ingeonyesha yote haya kwa muda mfupi, na nashangaa jinsi familia inayoweza kuchangia ukumbi wa harusi inavyoiona bei ya kamera kuwa anasa.

Na idadi ya watu imebadilika. Mtaa wetu ulipopimwa, kiwanja kimoja kilikuwa na nyumba moja ya chini. Leo kiwanja kilekile kina ghorofa 8 au 10, kila moja na vyoo vyake, na chini duka la vitenge na mgahawa wa chipsi. Bomba la barabarani kwetu ni lilelile.

Fito zinaporudi juu, zinarudi na habari. Nepi. Pedi. Vile vitambaa laini vya kufutia watoto, ambavyo pakiti yake inadai vinaweza kutupwa chooni na ambavyo havichaniki hata ukivivuta kwa mikono miwili. Mafungu ya nywele za bandia. Mchanga, kwa sababu wapo ambao bado wanasugulia sufuria mchanga na kuusuuza sinkini. Lakini mfalme wa bomba ni mafuta. Yanamwagwa yakiwa ya moto, yanateleza vizuri, mwagaji anafurahi. Mbele kidogo yanapoa, yanashika ukuta wa bomba, yanaungana na chokaa iliyo kwenye maji na kwenye saruji na kugeuka aina ya sabuni ngumu, ya kijivujivu, ambayo Mzee huivunja kwa ncha ya chuma. Kumwagia maji ya moto, tiba ipendwayo na kila mama wa nyumba, huyayeyusha ili yakagande mbele zaidi. Yaani yanahamishiwa kwa jirani. Mgahawa unatakiwa kuwa na kisanduku cha kunasa mafuta kabla hayajafika bombani, na mingi inacho kweli. Kazi ambayo haina mwenyewe ni kukisafisha.

Mzee anatujua kuliko daktari. Anajua nyumba ipi ina mtoto mchanga, ipi ina mgonjwa wa kitandani, mpangaji yupi anakula pilau huku analalamika hana kodi. Hasemi. Sisi nasi hatumuulizi, maana watu wa pwani tumefundwa adabu nyingi za choo. Tunaingia kwa mguu wa kushoto, tunatoka kwa wa kulia, hatuzungumzi tukiwa ndani, hatuelekei kibla. Tuna adabu ya kuingia na ya kutoka. Kwa kinachoendelea baada ya sisi kutoka, tumemwachia mtu mwenye baiskeli.

Waliojenga nyumba za mawe huku pwani walifanya hesabu tofauti. Gedi, karibu na Malindi, mji ambao mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, una nyumba zenye vyoo vya shimo refu ndani ya kuta zake. Nyumba za zamani za Lamu ziliweka choo ndani kabisa, na kando yake birika la maji lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Ndani ya birika, chini kabisa, hulazwa bakuli la kaure ili samaki wapate pa kujihifadhi maji yakipungua. Watu waliomfikiria samaki wa chooni hivyo hawakuwa wazembe. Hesabu yao ilikuwa kwamba cha kwako kinabaki kwako. Shimo likijaa ni lako, na hakuna jirani anayeweza kukuletea lake kupitia sakafuni.

Isipokuwa kupitia kisimani. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869 na kuendelea 1870, tabibu Mskochi aliyekuwa akifanya kazi huko, James Christie, alifuatilia njia zake na kuziandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Uswahilini, shimo na kisima vimeishi jirani mno muda mrefu. Agosti 2015 kipindupindu kilianza tena Dar es Salaam na kusambaa nchini. Na shimo pia lina njia yake ya kwenda kwa watu: masika yakichanganya, wapo wanaotoboa karo usiku ili mvua ibebe, jambo ambalo mjini tunaliita kutapisha, na asubuhi kila mtu anaruka maji yaleyale akijifanya hajui yametoka kwa nani.

Bomba la mtaa lilikuja kumaliza hayo. Babu alilipia kuunganishwa, akafukia shimo lake kwa kifusi, na kwa hesabu ya afya alipata mno. Ila kwa kitendo hicho alitia saini mkataba na watu ambao wengine walikuwa hawajazaliwa. Hati ya kiwanja inataja mipaka yake kwa futi. Haisemi kwamba chini ya bafu kuna njia iliyo wazi mpaka kwenye choo cha kila mtu wa mtaa huo, kwa kuwa ndivyo bomba lilivyo: liwe limejaa maji au hewa, ni wazi mwanzo hadi mwisho.

Upanga, mtaa mwingine wa jijini, wanajua habari hii kwa sura nyingine. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na flati nyingi za pale na za katikati ya jiji zikaenda kwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 mali zake zikaingizwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mijadala ya kutaifishwa ilihusu kuta, kodi na haki ya waliojenga. Bomba linaloshuka toka ghorofa ya tatu hadi ya chini nalo lilitaifishwa siku hiyohiyo, bila mtu kulitaja. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo imejaribu kulitaja: inazitambua sehemu za wote, na inataka wenye jengo wawe na chombo cha pamoja cha kuzisimamia. Nimekaa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo, kwa rafiki. Lifti ilijadiliwa kwa bidii, kwa kuwa wa juu wanaihitaji. Ilipofika zamu ya bomba, wa ghorofa ya chini alisimama na kueleza yaliyompata, na wengine wote wakamwangalia kwa huruma ya kweli. Huruma hiyo haikufika kwenye daftari la michango.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenichukua muda mrefu kulielewa, nalo ni kwamba nyumba yetu haikuwa chini zamani.

Kuna picha ya harusi ya wazazi wangu, imepigwa mbele ya baraza. Bi harusi amesimama ngazi ya juu, na kuna ngazi nyingine chini yake kabla ya kufika barabarani. Ngazi mbili za kupanda. Leo ukitoka barabarani kuingia kwetu, unashuka. Hakuna aliyeichimba nyumba ikadidimia. Kuta zimenyooka na milango inafunga. Barabara ndiyo iliyopanda. Kila ilipokarabatiwa iliongezwa tabaka juu ya tabaka. Kila jirani aliyebomoa ili ajenge ghorofa alimwaga kifusi kwanza akanyanyua kiwanja, kwa kuwa alikuwa ameshaona mafuriko ya Desemba 2011 na hakutaka kuwa wa chini. Chemba za barabarani ziliongezwa shingo kwa kozi za matofali ili mifuniko yake ilingane na lami mpya. Kila mmoja alifanya jambo la busara. Sisi hatukufanya kitu, tukawa bonde.

Matokeo yake ni ya fizikia tupu. Babu alipounganishwa, mfuniko wa chemba ya barabarani ulikuwa chini ya sakafu yake. Bomba la mtaa likiziba, majitaka yangefurika kwanza kupitia mfuniko huo, katikati ya njia, mbele ya macho ya wapita njia wote na diwani wao. Mtaa mzima ungepiga kelele siku hiyohiyo. Sasa mfuniko uko juu ya sakafu yetu. Bomba lilelile likiziba, majitaka yanafika bafuni kwetu kabla hayajaukaribia. Barabara inabaki kavu, maduka yanafunguliwa, na ukipiga simu kuripoti unaulizwa, kwa haki kabisa, mbona hapa hakuna kinachofurika. Nyumba ya zamani imegeuka kuwa mahali ambapo mtaa unaficha tatizo lake, na imepewa kazi hiyo bila barua.

Katika kikao cha familia, mpwa wangu aliyesomea uhandisi alileta pendekezo la vali: kilango kinachofungwa kwenye bomba la kutokea, kinachofunguka upande mmoja tu. Majitaka yetu yanaenda, ya mtaa hayarudi. Watu wote walikubali, na mimi nilikuwa tayari nimeinua mkono. Mzee, aliyekuwa amekaa mlangoni akinywa chai, aliuliza tu: "Yakikuta pamefungwa, yatakwenda wapi?"

Kimya kilichofuata kilikuwa cha watu wanaojua jibu. Nyumba ya Kiswahili iliyobaki upande wetu wa barabara, ukiacha yetu, ni ya jirani ambaye watoto wetu humwita bibi. Sakafu yake iko juu ya yetu kwa kimo cha tofali moja. Sisi tukijifunga, tundu la chini kuliko yote linakuwa lake.

Sidhani kwamba vali ni dhambi. Mtu ana haki ya kuzuia kinyesi cha watu wengine kisiingie anapooga mtoto wake, na kama fedha zingetosha ningesema zifungwe mbili, yetu na ya bibi, na anayefuata naye afungiwe, mpaka majitaka yalazimike kupanda na kujionyesha barabarani ambako yanapaswa kuonekana. Ila nyumba moja ikijifunga kimyakimya, imefanya kilekile kilichofanywa na kila aliyeinua kiwanja chake kabla yetu. Mpwa wangu, ambaye ni kijana mkweli, alisema pia kwamba vali ikiwa imefungwa hata sisi hatuwezi kutoa yetu, na kwamba kitambaa kimoja kikinasa kwenye kilango hakitafunga tena. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kuwa sababu ya kuahirisha. La bibi halikuandikwa.

Kabla sijasahau, maana watu husahau: hakuna kizibo kinachostahili mtu kuingia ndani ya chemba. Majitaka yaliyotuama hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo, inanuka. Ikizidi, inaua uwezo wa pua kwanza, mtu akadhani hewa imekuwa safi, kisha inamwangusha. Na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Gesi hiyohiyo, ikifika kwenye dari la chemba lenye unyevu, hugeuzwa na vijidudu kuwa tindikali inayotafuna zege mpaka nondo zikabaki wazi, ndiyo maana mfuniko wa zamani haukanyagwi. Mzee hufunua chemba mbili kwa pamoja, ya nyuma na ya mbele, akaenda kunywa chai. Wateja humwona mvivu. Vijana wanaoshuka kwenye mashimo na koleo na ndoo, wale ambao mjini wanaitwa vyura, hawalipwi kwa muda wa kungoja hewa ibadilike. Mwenye kupatana nao bei ya chini anapaswa kujua ni kitu gani hasa amekipunguza.

Suluhisho letu, kwa kadiri linavyostahili jina hilo, lilitoka kwenye kumbukumbu ya Mzee. Alisema nyumba za zama za babu zilikuwa na gali: kisima kidogo cha uani chenye chujio juu, ambamo maji ya jikoni na bafuni hupitia kabla ya kwenda kwenye chemba. Mdomo wake uliwekwa makusudi chini kidogo ya sakafu ya nyumba. Bomba likizidiwa, majitaka hutokea pale, uani, nje, chini ya anga, na ndani hayaingii. Walioliweka walishafikiri juu ya siku ya kurudi. Walijua itafika, wakaichagulia mahali.

La kwetu lilikuwa wapi? Shangazi alijua. Uani kulisakafiwa wakati wa harusi ya binti yake, ili wageni wasikanyage tope, na fundi saruji akakifunika kile kitundu kisichopendeza, akasawazisha vizuri, akasifiwa. Tangu hapo tundu la chini kuliko yote likawa la bafuni.

Tulipasua saruji karibu na jiko la mkaa. Gali lilikuwepo, zima, limejaa mchanga. Mzee alilizibua, akatengeneza ukingo wa chini, akaweka chujio jipya la chuma. Masika yaliyofuata bomba la mtaa lilizidiwa, na majitaka yakatokea pale yalipopangiwa, kwenye pua ya jiko la Shangazi, naye akayafukuza kwa fagio na matusi ambayo hayawezi kuchapishwa. Bafuni palibaki pakavu. Watoto walilala ndani.

Harufu, bila shaka, ilipanda. Ghorofa ya jirani ina madirisha upande wetu, na siku ya pili msimamizi wake alikuja akiwa amejifunga kitambaa puani. Alisalimia vizuri. Akasema wapangaji wake wanalalamika, na kama inawezekana tulifunike lile tundu, au tuliinue.

"Karibu, baba," Shangazi alimwambia, akimvutia kigoda mpaka ukingoni mwa gali. "Kaa uangalie. Mabaki ya chipsi hayo, humu ndani hatukaangi chipsi."

Msimamizi hakukaa. Alisimama akitazama kwa muda, akauliza gari la kuzibua kwa maji ya kasi linakodiwa shilingi ngapi, na jioni alimtuma kijana na nusu ya fedha. Alitaka risiti.